Kipimajoto Kilichotugombanisha

Mke wangu,

Jiko la kuni usiliwashe mpaka nirudi. Nimeenda kununua kipimajoto cha bomba la moshi, kile cha sumaku kinachofika digrii mia tano. Alichobandika mdogo wangu ni cha oveni, mwisho wake mia tatu! Asubuhi mshale uligota mwisho, bwana huyo akasema, "Tulia kaka, haupandi tena," akazidi kuchochea. Bomba likawa jekundu, na mtoto wetu amelala nyuma ya ukuta uleule lilipo bomba. Nikamtandika ngumi ya jicho. Akanijibu kwa gogo la mdomo. Tumevunja na stuli, samahani.

~~Mwambie ahame.~~

Mkande jicho. Mwambie abaki tule pamoja, ila akigusa kuni tena, nalifumua la pili.

Mumeo, mwenye pengo