Konrodi za Mbio Moja

Jumatatu, 3 Machi
Miaka yote hii nimeficha kilichomuua mdogo wangu. Walisema alikosea gia ya pikipiki mbioni, injini ikazidiwa, ikakwama, akarushwa ukutani. Mimi, fundi wake, niliitikia kwa kichwa. Uongo! Injini ile niliiunda mimi.
Basi kwa leo.

Jumatano, 5 Machi
Binti wa mdogo wangu ndiye anayeniuguza. Kanigeuza kitandani, akanitania: "Baba mkubwa, umebaki fremu tu, hata tangi huna!" Nilicheka hadi nikakohoa.
Halafu akauliza pikipiki ya baba yake ilitofautianaje na zile nilizotengeneza kazini, kwenye kiwanda cha pikipiki za mbio. Yake ilitoka dukani, nikamwambia. Katika daraja lake la mashindano unaruhusiwa kuinoa, lakini ndani ya injini vibaki vyuma vile vile anavyouziwa mtu wa kwenda nayo ofisini. Vinadumu miaka. Zetu hazikuuzwa popote. Zilibuniwa kwa mbio tu. Konrodi, ule mkono unaobeba pistoni, ilikuwa nyepesi kama kijiko. Mbio moja, inatupwa.
"Mnatupa kitu kizima?"
Kizima kwa macho, nikasema; ndani chuma kimeshachoka. Nikageukia ukuta.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia. Nusu. Kwamba ndani ya injini ya baba yake mlikuwa na konrodi zilizotupwa kazini kwangu, na moja ilikatika. Gia hakukosea. Nikaongeza kwamba tulikubaliana, mimi na baba yake.
Alikaa na bakuli mkononi, uji ukapoa. Kumbe baba alikuwa mdanganyifu, akasema. Na mama kafa akimsifu.
Nikimwambia nusu nyingine, nani atanigeuza kesho?

Jumapili, 9 Machi
Tangu juzi hanitanii. Ananilisha bila neno.
Nasikia magazeti yakichanwa sebuleni. Anafunga kombe la baba yake, lile aliloshinda kwa haki kabla ya mbio zile alizofia. Kesho analirudisha kwa chama cha mbio, anasema hataki kitu cha aibu nyumbani.
Nimeita. Sauti haifiki hata mlangoni. Nagonga kikombe.
Kabla ya mbio zile nilimwonyesha baba yake konrodi gereji. Akazisukuma pembeni: "Kaka, hapana. Nataka niwashinde kwa pikipiki ambayo hata mwalimu wa chekechea anaweza kuinunua." Akaenda kula. Mimi nilitaka ushindi ule uwe wa mkono wangu. Nikazifunga ndani ya injini.
Amesimama mlangoni, kombe kwapani, nusu limefungwa. Anauliza kama nataka maji.
Baba yake hakujua.