Pua Imehama Tena

Jumatatu, 3 Machi

Pua imehama tena. Milimita tatu kushoto. Nimepima mara mbili kwa rula ya chuma, maana sasa siamini macho yangu wala hii mashine yangu ya kuchonga. Paji la uso liko sawa, macho yako sawa, halafu kadiri biti, ile ncha inayochonga, inavyoshuka kuelekea kidevuni uso mzima unateleza upande, kama mtu anayesinzia kwenye kiti. Na baba hakuwahi kusinzia mbele ya watu!

Huu ni ubao wa tatu kuharibika.

Ingekuwa kazi ya mteja ningemwambia asubiri. Lakini juzi mama, akiwa anakunja shuka, aliniambia kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imeisha: mwanangu, sura ya baba yako inanitoka. Macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli tu. Picha iliyo ukutani kwake ni mraba wa kijivu. Sauti ya marehemu bado anayo, anasema, hata kikohozi chake anacho. Sura ndiyo inayokwenda. Basi naichonga kwenye mbao, aishike kwa vidole kabla haijaisha.

Picha ninazo mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Zinatosha. Kompyuta imeshakubali, namba zote zimekaa. Ni hii mashine tu.

Nimeipaka mashine yote mafuta kabla ya kufunga chumba. Kila kinachozunguka kinataka mafuta — hiyo ndiyo sheria yangu tangu cherehani ya kwanza niliyoifungua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeacha uso kwanza. Nimeiambia mashine ichonge duara, kipenyo milimita 100. Kitu cha mtoto. Imezunguka vizuri, imelia vizuri, na mwisho wa mstari haukukutana na mwanzo wake. Pengo kati yake: milimita 1.2.

Kaka kaja kuchungulia. Chumba hiki kilikuwa stoo ya karakana yake ya useremala, kwa hiyo anaingia bila hodi kama mwenye nyumba. Akalishika duara langu, akaligeuza kwenye mwanga.

"Injinia, hili yai litaanguliwa lini?"

Wifi yangu akacheka mpaka akashika mlango.

Kaka akaendelea: mashine yako inaota. Inaanza kazi, inapotelea ndotoni, inaamkia kwingine. Nikamwambia hata randa yako inaota — inaota ukungu. Wifi akapiga makofi, ngoma droo!

Nilicheka nao. Sasa sicheki. Randa ile alinunuliwa na baba, pamoja na misumeno miwili, patasi, na sanduku la kuvitia. Mimi niliambiwa: wewe shika sindano, mikono yako ni ya vitu laini. Nikashika sindano. Halafu nikakishika kinachoisukuma sindano, nikakifungua nione. Kila mota, kila nati iliyo kwenye meza hii imetoka kwenye kutengeneza cherehani za watu. Hakuna aliyenionyesha. Hakuna.

Na sasa ndiye ninayemchonga pua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekagua reli — zimenyooka. Nimekagua waya — hakuna uliolegea. Mota inapata joto la kawaida, naweza kuweka kiganja. Hatua za mota kwa kila milimita ni zilezile nilizoziweka. Nimepuliza vumbi kila kona, nikapaka mafuta tena, hasa upande wa kushoto-kulia, maana huko ndiko inakokosea.

Duara: 1.9.

Imezidi! Mgonjwa anakunywa dawa na homa inapanda.

Jioni jua liliingia kupitia dirishani likalala juu ya meza. Vumbi la mbao lilikuwa bado hewani, halitaki kutua. Nilikaa tu nikiliangalia. Kila chembe inashuka kidogo, inasahau, inapanda tena. Nikajikuta nimesahau nilikuwa nataka bisibisi gani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeota baba anatembea kutoka picha hadi picha, nyumba nzima, hata kwenye picha za harusi za watu nisiowajua. Nikamuuliza anatafuta nini. Akaniambia, nyie mmeiweka wapi? Akiwa ameshika uso kwa mkono. Nimeamka najibu namba.

Mama ameomba kukaa chumba cha mashine. Nimemwekea kiti. Anasema ule mngurumo ni kama mvua iliyo mbali, inayonyesha kwa wengine. Alisinzia, akaamka, akaanza kumsimulia baba. Kwamba alikuwa na ndevu nzuri, alizichana kila asubuhi.

Baba hakufuga ndevu. Hata siku moja.

Sikumsahihisha. Mashine iliendelea kulia, nami nikaitikia: eeh, mama. Eeh.

Haijabaki nafasi ya kubahatisha.

Jumapili, 9 Machi

Nimeipata!

Kuna kipande cha alumini, kidogo kama kidole gumba, kinachounganisha shafti ya mota na skrubu ndefu inayosukuma kichwa cha mashine. Nimekiita kiungo. Leo nilichukua chaki yangu ya kuchorea nguo nikapiga mstari mmoja mweupe: umeanza kwenye shafti, umepita juu ya kiungo. Mstari mmoja, umenyooka. Nikachonga duara. Nikazima, nikainama.

Mistari miwili. Shafti na wake, kiungo na wake, kama ndugu waliogombana.

Shafti inateleza ndani ya kiungo. Na kwa nini inateleza? Nikagusa. Kidole kikatoka kinang'aa. Mafuta ya cherehani! Mepesi, yanapenya popote — ndiyo sifa yake. Kila siku nimekuwa nikiinywesha sehemu pekee ambayo kazi yake ni kubana. Kwenye cherehani kila kinachozunguka kinataka mafuta. Hapa kuna kinachozunguka kwa sababu kimekamatwa.

Nimefungua, nimefuta kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka kikavu, nimekaza skrubu zake ndogo kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, hadi mkono ukauma. Duara: sifuri. Nimepitisha ukucha kwenye maungio, haukukwama.

Nilimwita kaka aone. Aliliviringisha duara mezani. Akasema, sasa hili ni gurudumu. Halafu, akiwa anatoka: kwa hiyo mgonjwa alikuwa anauawa na daktari? Mshenzi huyu. Ila ametoka anapiga mluzi.

Jumatano, 12 Machi

Kaka ameleta ubao. Mwekundu, mzito, mkavu kabisa — nilikuwa nikiuona juu ya mabanzi yake miaka yote, hamuuzii mtu. Ameulaza mezani, akaufuta kwa kiganja. Nikaufunga kwenye mashine.

Kisha nikawasha.

Paji kwanza. Mstari juu ya mstari, kila mmoja unakaa 0.3 chini ya mwenzake. Nyusi zikaja kama nyasi zinazotokeza maji yanapopungua. Macho. Nilisimama nikiwa nimeshika kitufe cha kuzimia. Pua — nikasogea karibu — pua ikashuka wima, katikati, palepale pake.

Midomo ilipotokea nusura nimwamkie. Alikuwa na ile sura ya anayetaka kusema neno na bado analipima. Nikamwambia: sema basi. Mashine ikalia tu.

Mistari ya chaki haijaachana.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempelekea mama ubao mchana huu, kiti chake kiko juani. Nilishausugua kwa msasa mpaka umekuwa kama ngozi. Sikumwambia ni nani. Nilitaka vidole vimtambue vyenyewe.

Alianzia kwenye paji. Polepole. Nyusi. Akashuka puani, akaibana kwa vidole viwili kama anayechagua kitambaa. Midomo. Akahamia kwenye taya, akakaa hapo. Akatabasamu.

"Umejichonga vizuri."

Nikamwambia siyo mimi, mama.

"Wee! Mimi nisikujue? Taya hii niliihangaikia, uliifunga ukikataa uji. Mkaidi tangu huna meno."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Aliondoka, safari hii bila mluzi.

Nilipima kila kitu kwenye zile picha. Jicho hadi jicho, upana wa pua, kina cha kidevu. Hakuna hata milimita moja niliyoitoa kwangu. Na mashine haitelezi tena, siwezi kuisingizia. Ama baba amemtoka mama kabisa, ama taya yake ninayo mimi.

Nikasema: ni baba huyo, mama.

Tabasamu halikuondoka. Lilisimama tu. Mkono mmoja ukabaki kwenye ubao, juu ya taya. Mwingine akaunyoosha hewani kunitafuta.

"Hebu leta uso wako hapa."

Nikamwambia naja, ninanawa, nina vumbi.

Naandika haya kwenye karo, bomba limefunguliwa ili alisikie. Mikono yangu ni safi. Ilikuwa safi tangu mwanzo; naogopa jibu la vidole vyake. Kutoka hapa namwona, ubao magotini, mkono haujashuka. Ananiita tena.