Pale Maji Yanapoingilia

Ruti, Mbarara

Mama yangu,

Yesu asifiwe. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Nasikia umeanza tena kwenda shambani kabla hayajapona. Mimi ni mzima, ila mabega yanawaka moto kwa kupakia ndizi kwenye malori. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako hupokewa na Riziki, mke wa Amani, na haya si ya masikio yake. Soma mwenyewe, polepole, unavyosoma Biblia yako.

Kila mara unaniuliza kwa nini sisemi na mdogo wangu Amani. Leo nakujibu.

Unazikumbuka zile punje nilizokuletea hapo kambini Misiera, ukazitia kwenye debe la mbegu za maharage? Transfoma huvuta hewa kupitia chupa ya kioo iliyojaa punje hizo, ili zinyonye unyevu usifike kwenye mafuta. Zikiwa kavu ni za bluu. Zikishiba maji zinageuka pinki, na karakana yetu ya kutengeneza transfoma ilikuwa inazitupa. Nilikuletea zilizotupwa. Nilizikaanga kwenye kile kikaango kilichotoboka mpaka bluu ikarudi, nawe ukawaita majirani waone. "Mutoto wangu ana akili mingi," ukawaambia, "mbegu yangu haina hata kidudu moja!" Amani alikuwa ameketi pale pale, anacheka nasi.

Wakati ule transfoma ya kituo kimoja cha maziwa huko Isingiro ilikuwa inatutesa. Tunayapasha mafuta moto, tunayachuja, tunayapima, yako safi. Wiki chache tu, maji yamerudi. Mteja akawa anamfokea bosi, na bosi akawa anatafuta wa kumtwisha lawama. Amani, ambaye ni mimi niliyemwombea kazi ya kufagia pale, akamwendea: "Patron, kaka anabebaka dawa ya transfo kwa nyumba." Hakusema ni za jalalani. Bosi akaniita mbele ya wote. "Nyinyi bakimbizi, mtu napatia nyinyi kazi, nyinyi naiba. Kwenda!" Nilimtazama Amani aseme neno moja tu. Akainama kufunga kamba za viatu. Jumatatu akavaa ovaroli langu, jina langu bado limeshonwa kifuani.

Sasa kuna jambo hulijui. Asubuhi ile, kabla sijaitwa, nilipanda juu ya transfoma ile, iliyokuwa imeletwa tena karakana, kukaza nati, nikaona maji yanapoingilia. Mpira ulio chini ya kauri ya katikati, pale waya unapoingia, umepasuka upande wa nyuma. Mvua inatuama hapo na kuzama ndani. Nilishuka ili nikamwambie bosi. Nikafukuzwa kabla sijafungua mdomo, na tangu hapo sijaufungua.

Wameyakausha mafuta tena bila mimi, wameweka punje mpya. Juzi mama anayewapikia pale karakana aliniambia maji yamerudi vilevile. Sasa kila wakimaliza kuyakausha, Amani ndiye anayepelekwa Isingiro kuiwasha na kusimama karibu aisikilize. Mafuta yakizidiwa na maji, Mama, transfoma inaweza kupasuka, na mafuta hayo hurukia watu yakiwaka. Nimewahi kumwona mtu aliyeungua hivyo. Hakufa upesi.

Unasema nisamehe. Sijasamehe. Nalala vizuri tu, na hilo linanishangaza hata mimi.

Nisalimie shangazi, mwambie kitenge chake nimekipata, nitamtumia. Mchungaji naye msalimie, ila aache kuhubiri habari za ndugu wawili, maana najua ananilenga mimi. Riziki pia mpe salamu. Hana kosa, na mimba yake ailee vizuri. Jirani yetu Mrundi, yule anayekuchotea maji, Mungu ambariki.

Amani huja kwako Jumapili baada ya ibada. Mimi simwambii kitu. Nimekuandikia hapo juu maji yanapoingilia, sasa unapajua wewe, uliyetuzaa wote wawili. Ukimwambia, atapona, atasifiwa, atabaki na kazi yangu na ovaroli langu. Ukinyamaza, itabidi umtazame akiondoka kwenda Isingiro. Mimi nitasikia tu. Siku nitakaposikia mpira ule umebadilishwa, nitajua umemchagua nani, na usinipikie tena.

Mwanao wa kwanza,
Bahati