Kwa Nini Sikufika Kwenye Sendofu ya Koku

Chang'ombe, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na mvua za huko Muleba? Na kifua cha Baba kimetulia? Mimi mwili ni mzima ila moyo unachemka. Nimeona nikuandikie, maana juzi kwenye simu tuliishia kugombana tu. Kaka Deo atakusomea. Deo, soma yote, usiruke.

Mama, ulisema nimemwacha mdogo wangu Koku siku ya sendofu, siku ya kuagwa kwenda kuolewa, kwa ajili ya kompyuta. Neno lile limeniuma.

Unajua ofisi yetu hapa mtaa wa Kikuyu inatengeneza programu ya simu. Mhudumu wa zahanati kijijini huko Kongwa akiwa na mzazi aliyezidiwa na uchungu, anabonyeza, na dereva wa gari la wagonjwa anaonyeshwa njia. Ijumaa asubuhi nesi mmoja, Sista Neema, alinipata kwa simu baada ya kupiga mara nyingi, akifoka: "Dada, gari limepelekwa kijiji kingine chenye jina kama letu! Mzazi nimempakia kwenye pikipiki, anatoka damu!"

Mzazi alipona, na mtoto pia, Mungu mkubwa. Kosa nililitafuta nikalipata, nikalirekebisha kabla ya chakula cha mchana. Ilibaki kuiunda programu upya na kuituma kwenye simu zao. Tiketi ya basi la kesho yake ilikuwa mkobani, nguo ya sendofu nilishaipiga pasi.

Programu ikakataa kuundwa.

Programu hatuiandiki yote wenyewe, Mama. Tunachukua vipande vilivyoandikwa na watu wengine, tunaviita maktaba. Mwenzangu Gerald, bila kuniambia mimi, alikuwa ameweka toleo jipya la maktaba ya kutuma ujumbe, kisha akaenda zake harusini Singida, simu kazima. Harusini, Mama! Toleo hilo halipatani na maktaba ya ramani. Wewe ni fundi cherehani, utanielewa: ni kama mashine yako itakiwe kushika sindano za aina mbili kwa wakati mmoja, na nafasi ni ya sindano moja.

Nikamwambia bosi, "Naomba turudishe la zamani, programu itoke leo."

"Hapana. Jumatatu kuna wageni, nimeshawaahidi hilo jipya. Zipatanishe hizo maktaba."

"Na Kongwa?"

"Wapige simu kwa sasa."

Wapige simu! Kule ukipiga, sauti inakatika kabla hujamaliza salamu. Ndiyo maana tukatengeneza programu.

Jumamosi basi liliondoka mimi niko ofisini. Jumapili Koku anaingia ukumbini, mimi nasoma maandishi mekundu yanayokataa kila ninachojaribu. Ningeweza kusafiri, ndiyo. Ningekaaje kwenye kile kiti nikijua gari linaweza kupotea tena?

Mwishowe nikaacha kumsikiliza bosi. Nikarudisha toleo la zamani, nikaandika upya kila sehemu aliyoigusa Gerald, nikayafunga matoleo yote yasibadilishwe na mtu mmoja peke yake. Ikaundwa. Nikaituma. Sista Neema akaijaribu palepale, akaniandikia: "Sasa inaonyesha kwetu." Nikakaa sakafuni nikalia, na si kwa furaha. Ni hasira.

Jumatatu, mbele ya wageni, bosi akamshukuru Gerald kwa kutusogeza mbele. Na Gerald akatabasamu! Nikasimama.

"Alichoweka Gerald hakimo," nikasema. "Nimekiondoa, kwa sababu kilikuwa kinazuia gari kufika kwa wazazi."

Baadaye bosi akaniita, anataka niombe radhi kwa maandishi. Sitaomba. Akitaka anifukuze, nimeshamwambia hivyo usoni.

Kwa hiyo Mama, nikasirikie kwa kutofika, hiyo ni haki yako. Ila usiseme tena ni kompyuta.

Nisalimie Baba, na Shangazi aliyenishonea ile nguo ambayo haijavaliwa, na wifi, mke wa Deo. Koku hapokei simu zangu. Mwambie sikumwacha. Mwambie siku uchungu wake ukimshika, nataka na yeye gari lifike mlangoni kwake, si kwa jirani.

Mwanao, mzima, na bado nina hasira,

Kemi