Kiwanja Kitupu Chenye Nguzo Sita

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za mgongo? Sisi wazima. Mume wako ameota meno mawili, na anayajaribia kwenye bega langu.

Barua nampa dereva wa ofisi kwa sababu simu hupokei, mikono yako ina sabuni kutwa. Ule mkongo niliokuambia, waya mnene wa intaneti unaopita chini ya bahari, utapandia ufukweni hapo kwako. Watachimba mtaro katikati ya kiwanja chako, watafukia, wataondoka. Wiki tatu tu. Vibali nimevifuatilia mimi, mtoto mgongoni: mazingira, bandari, mawasiliano, kote. Mihuri mitano tayari. Umebaki wa ardhi, nao haugongwi bila sahihi yako.

Meli itafika tarehe moja Machi. Isipokuta kibali inapita zake kwenye kazi nyingine, nami ndiyo basi tena, maana bosi ameahidi kuniajiri rasmi kikitoka. Tia sahihi palipo na alama ya penseli.

Mwanao

5 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unauma kama kawaida yake. Mwambie mume wangu bega la mama yake si muwa.

Fomu nimeisoma kwa miwani. Nairudisha bila sahihi. Imeandikwa: “Kiwanja kitupu chenye nguzo sita.” Nguzo sita za nini, hawakujiuliza? Walidhani nimezipanda ziote matawi? Hapo ndipo shuka za hospitali nzima zinapoanikwa, mwaka wa ishirini na mbili huu. Vumbi la wiki tatu nitalifanyaje, nilifue nalo? Wapimaji walikuja Jumapili, siku yangu ya kupumzika. Aliyeandika hivyo mwambie aje Jumatatu, tutamtafuta humo ndani ya shuka.

Mama yako

8 Februari

Mama,

Shikamoo. Mgongo pole. Ni neno moja tu, “kitupu”! Kulibadilisha ni kurudi ofisi zote tano, kila moja imegonga mhuri juu yake. Tia sahihi, Mama. Tafadhali.

Mwanao

12 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui umeamkaje, maana dereva amerudi mara mbili mikono mitupu. Anasema unamjibu, “Naanua.”

Jana nilifungua jalada nimjue aliyeandika neno lile, nimpashe. Mpimaji kaandika kwa kalamu: “Nguzo sita, hakuna jengo.” Basi. “Kitupu” limepigwa chapa, na mpiga chapa ofisini ni mmoja. Nilikuwa nanyonyesha, mkono mmoja kwenye kibodi. Mimi, niliyejifunza kutembea nikishikilia shuka zinazochuruzika maji! Nisamehe, Mama.

Nimemwambia bosi fomu inarudi ofisi zote. Akaruka: “Wewe mama, unataka tukose meli kwa ajili ya shuka?”

Nikamuuliza, “Bosi, ulipopasuliwa mwaka jana, ulilalia shuka zilizofuliwa na nani?”

Akajipapasa tumbo, akasema, “Haya, nenda.”

Nimeanza na mazingira. Karani akaniambia nirudi wiki ijayo. Nikampakatisha mtoto, nikamwambia sisi wawili tutangojea hapa hapa. Mhuri umegongwa kabla nepi haijalowa.

Ila nawe, Mama, kaa chini uniandikie unachotaka, saa kwa saa. “Sitaki” haina kisanduku kwenye fomu.

Mwanao

13 Februari

Mwanangu,

Marahaba, mama. Usijitese. Mimi nikiwa na wewe mgongoni niliwahi kupeleka magauni ya wazazi wodi ya wanaume. Walivaa. Hakuna aliyekufa.

Naanika saa mbili asubuhi, naanua saa nane mchana, jua likiwa zuri. Shuka mbichi isiguswe na vumbi. Zikishaanuliwa wachimbe hadi wachoke.

Mama yako

24 Februari

Mama,

Shikamoo. Mtoto mzima, mimi miguu imevimba, mihuri mitano imegongwa upya. Fomu hii hapa. Soma kwa miwani.

Mwanao

25 Februari

Mwanangu,

Nimesoma. Nimetia sahihi mara mbili, moja isije ikapotea.

Mama yako

2 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Mume wangu je? Mimi mzima, mbavu tu zinauma kwa kucheka.

Jana meli ilifika asubuhi, nami nina shuka mia na arobaini kambani. Akaja mkuu wa wachimbaji na mashine yake. Nikashika ndoo, tayari kwa ugomvi. Akatoa karatasi, akasoma kwa sauti: “Kiwanja kinachotumika. Kazi isianze kabla shuka hazijakauka na kuanuliwa.” Akatazama bahari, akatazama kamba zangu, akashika redio.

“Meli, subirini.”

“Tunasubiri nini?”

“Shuka.”

“Rudia?”

“Shuka, bwana! Za hospitali! Bado mbichi!”

Na jua la jana lilikuwa na uvivu wake. Kila nusu saa meli inauliza, “Vipi hali ya shuka?” Yeye anakuja kwangu na adabu zake, “Mama, wanauliza.” Mimi napapasa pindo: “Bado.” Saa tisa ndipo nikasema, “Haya.” Wachimbaji wote wakaingia kuanua, vifua mbele. Kukunja hawajui kabisa, nimezirudia zote.

Niliyoikunja mwisho niliikunjua tena, nikaipungia meli. Ikapiga honi hadi madirisha ya hospitali yakafunguka, wagonjwa wakachungulia, wakaanza kupunga na wao. Kwa shuka zangu, mwanangu. Safi.

Mama yako