Karte ya Amani

Kindu, Jumatano

Mama amepanda ndege, hatimaye. Anaenda Lubumbashi kwa operesheni ya macho, na daktari anamngoja Ijumaa.

Tulitoka Kasongo kwa pikipiki, tukafika uwanjani tumejaa vumbi, na msichana wa kaunta akaikataa tiketi ya Mama. "Nionyeshe karte ya benki iliyolipa." Karte iko Ubelgiji, mfukoni mwa mdogo wangu Amani, aliyeinunua. "Bila karte Mama haendi. Ni sheria ya kampuni."

Nilimpigia Amani tena na tena. Alikuwa kazini, hapokei. Watu wakaanza kuingia ndani, nami karibu kulia. Mwisho akapiga kwa video, akaishika karte kando ya uso wake. Msichana akalinganisha majina, akakubali.

Mama akamshika mkono. "Binti yangu, miye sioni. Mutoto wangu iko namna gani? Amekonda?"

Msichana akatazama simu tena. "Hapana, Mama. Amenenepa, iko anacheka."

Amani amekonda sana, na alikuwa analia bila sauti. Nikachukua simu, nikamwongoza Mama hadi mlangoni.

Operesheni ikienda vizuri, Mama atamwona mwenyewe kwa video. Sijui nitamwambia nini.