Mzigo Mzito Mbele Kidogo

Baba,

Ile ndege mpya imekuja, na mara ya kwanza tu imenikataa.

Niko nyumbani Qurus, likizo fupi. Nimekaa hapa karibu na kaburi lako, ukungu wa huko Ngorongoro bado haujaondoka, na Mama ameshaniita chai zaidi ya mara moja. Acha asubiri kidogo. Nina mambo ya kukuuliza.

Ungeiona! Ulikufa ukisema jeshi halitaleta ndege nyingine ya mizigo mpaka ile kuukuu yetu imdondokee mkubwa fulani kichwani. Basi wameleta, na hakuna aliyedondokewa. Sakafu yake ina magurudumu madogo, sanduku zito unalisukuma kwa mkono mmoja. Na tena inanywesha ndege nyingine mafuta huko huko angani. Inatoa mpira mrefu kwa nyuma, nyingine inasogea taratibu, inanyonya, inaondoka. Nilipoona kwa macho yangu nilicheka peke yangu. Nikajiuliza ungesema nini, wewe uliyezoea kumsukumia ndama chuchu mdomoni huku ukimtukana.

Sasa sikia kilichonipata. Kila mpakiaji alitakiwa apange mzigo mbele ya mwalimu kabla ya kuruhusiwa kuruka na ndege hii. Ukishindwa mara mbili, unaondolewa, unabaki kuhesabu mablanketi stoo. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nikapanga kama ulivyonifundisha: mzigo mzito mbele kidogo. Kompyuta ikawaka nyekundu. Mwalimu, kapteni mmoja mpole, akaniuliza kwa nini nimesogeza mbele. Nikamjibu, "Ndivyo inavyofanywa, afande." Akauliza, "Wapi?"

Nikaanza kufungua mikanda ya mzigo, Baba. Maana jibu lilikuwa Qurus.

"Rudia kesho," akasema.

Jioni hiyo nikawa najiuliza, hivi hii sheria uliitoa wapi? Nikakumbuka mkokoteni wetu. Tukipakia magunia ya maharage ya ngwara kwenda sokoni Karatu, ulikuwa unapiga kelele hadi jirani anatoka nje: "Mbele! Ukizidiwa nyuma nira itapanda iwakabe maksai!" Kumbe uliingia jeshini na sheria ya mkokoteni, ukaitumia kwenye ndege, miaka yote, na haikukuangusha hata siku moja. Hapo ndipo nikashangaa zaidi. Ndege haina maksai. Ilikuwaje ikakubali?

Nikamfuata yule fundi mliyekuwa mkibishana naye mpira, naye karibu anastaafu. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema ile ndege imewekwa viraka mkiani mara nyingi, kila kiraka na uzito wake. "Ile mama ina makalio," akasema. "Baba yako ndiye alikuwa anajua kuikalisha."

Kwa hiyo haikuwa sheria ya ndege. Ilikuwa tabia ya ndege moja, na hukuwahi kupakia nyingine. Nilikukasirikia kidogo, nisikufiche. Halafu nikalia, kwa sababu ningekupigia simu saa ile ile tubishane, na simu yako iko kwenye kabati la Mama, imezimwa.

Hii mpya ni nyingine kabisa. Inagawa mafuta ikiwa juu, kwa hiyo uzito wake unahama hewani. Unaipanga chini ukijua kuwa huko mbele ya safari haitakuwa ile uliyoipanga. Je, wewe ungeweza kulala usingizi na ndege ya namna hiyo? Mimi inanivuta. Kila nikijua jambo moja, nagundua matatu nisiyoyajua.

Nilirudia. Mikono ilikuwa inataka kusogeza mbele yenyewe, nikawa naizuia. Taa ikawaka kijani, kapteni akanipa mkono. Nilifurahi, Baba, na papo hapo niliona kama nimekukana mbele za watu.

Wiki iliyofuata ile kuukuu ilipelekwa inakokwenda kuegeshwa isiruke tena. Niliomba niisindikize. Ilikuwa tupu, hakuna cha kupakia, ila mifuko ya mchanga ya kuiweka sawa. Niliifunga mbele, pale pale ulipokuwa ukianzia. Viti vyote vilikuwa wazi. Nikaenda kukaa kile cha mbele kabisa, nikafunga mkanda, nikainama. Kilo zangu si kitu kwa ndege, najua, usinicheke. Lakini iliondoka chini bila kuburuta mkia, na rubani akageuka akasema, "Leo mama kakaa vizuri."

Mama ananiita tena, na sasa sauti imebadilika, unaijua ile. Lala salama, Baba. Hii mpya nayo itazeeka, itatiwa viraka, itapata ukaidi wake, na nakuahidi nitaishi nayo mpaka niujue. Na atakayekuja kujifunza kwangu sitamwambia kamwe "ndivyo inavyofanywa." Nitamwambia ni ndege ipi, na nitamtajia jina lako.

Mwanao,
Neema